Maili Kumi na Moja

Nimekimaliza garini, Mabela, mbele ya skuli,
saa saba na dakika ishirini, kiyoyozi kikikoroma.
Nje nyuzi arubaini na sita. Mlinzi
kajibanza kwenye kivuli cha nguzo,
chembamba kama mstari chini ya neno.

Kurasa mia saba na kumi na mbili.
Riali tisa na baisa mia sita, mbali posta.
Na miaka mitatu ya kungoja
ambayo hakuna aliyeniandikia risiti.

Azzan anagonga kioo, begi kifuani, uso umemwiva.
"Mama, nani kafa?"
Ananijua. Kitabu cha pili kilipokwisha
tulikula mkate na jibini siku mbili.
Hajafa mtu, mwanangu. Ingia, funga mlango, moto huo.

Hajafa mtu! Ndiyo hasira yangu.
Irunde mchunga moshi, niliyemfuata
tangu alipoiba mluzi wa babaake,
aliyevuka ziwa la vioo bila viatu,
aliyemwambia Malkia Sefaine usoni,
"Taji lako lina kutu, na kutu haina adabu" —
wamemwozesha.
Ukurasa mmoja na nusu. Ngoma, vigelegele, kwisha.
Mume mwenyewe kaingia sura ya arubaini
na jina lake silikumbuki. Mtengeneza mizani? Mwuza mizani?

Haya, na aolewe. Watu huolewa.
Ila, Mwandishi, tuongee mimi nawe:
ule mji.
Kila kitabu, kwenye ramani ya mwanzo,
kaskazini kabisa, pale wino unapokaribia kuisha,
umeandika Oruwesi, ukachora minara mitatu na kisima.
Miaka sita nikipiga hodi hapo kwa kidole.
Kitabu cha kwanza nikasema, bado.
Cha pili nikasema, anatuwekea akiba.
Cha tatu Irunde anafika nyumba ya wageni ya mwisho,
zimebaki maili kumi na moja,
usiku anazisikia kengele za kule zikijibizana,
na asubuhi:
"Akageuza farasi."
Nukta.

Nilikirusha kiti cha nyuma.
Kikaangukia trei la mayai. Manne.

Usiku, jikoni, nikachukua daftari la hesabu la Azzan
nimwandikie Irunde mwisho wangu, wenye vina:

*Irunde shika hatamu, usirudi nyuma tena,
Kengele zatia hamu, watu wanakwita jina,
Kisimani maji tamu, minara yote yaona,
Maili kumi na moja —*

nikakwama.
Kipande cha pili hakikuja.
Nilifungua lango la mji nikakuta karatasi.

Mama kaja kunywa maji.
Kazaliwa Wete, kaondoka ana miaka tisa,
kashikwa mkono, hakuambiwa ni safari ya namna gani.
Siku hizi ndege ni saa tano na kitu.
Yaarub alimnunulia tiketi mwaka juzi;
goti likamvimba Jumanne,
ndege ikaruka Alhamisi,
Ijumaa goti zima, anakaanga sambusa.
Lakini nyumba ile anayo yote.
"Ngazi tano," husema, "ya tatu ina ufa.
Ukipanda na ndoo, ruka."
Azzan, ambaye Pemba haijui hata kwa picha,
akipanda ngazi popote, msikitini, kwa daktari wa meno,
ya tatu huiruka.

Mama kasoma begani kwangu, miwani imepanda kipajini,
midomo ikimchezacheza.
"Na huyu," akauliza, "goti lake zima?"
Akazima taa, nami bado nimekaa.

Kesho nampa Raiya. Nimemwambia ni kizuri.
Ni kizuri, wallahi, japo kinanuka yai.
Harusi sitamsimulia.
Alama yangu, risiti ya duka la dawa,
nimeiacha pale kwenye nyumba ya wageni, usiku,
kabla hakujapambazuka.